Kabla hujanunua vitabu vya mapishi vya maktaba ya shule

Nasimamia maktaba ya shule ya msingi hapa Dodoma, na kila pesa ya vitabu ikitoka wenzangu huniuliza mbona nang'ang'ania vya mapishi. Ni kwa sababu ndivyo vinavyosomwa nyumbani. Hadithi mtoto anaisoma peke yake. Mapishi yatasomwa na mama, bibi na jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Usichague kwa jalada. Fungua ukurasa wowote wa katikati, ujiulize kama chakula hicho kinapikika kwenye jiko la mkaa, kwa vitu vya Soko la Majengo. Vitabu vingi vya watoto kutoka nje vimejaa keki, na keki hizo zinataka oveni ya nyuzi 180. Picha nzuri, sikatai, lakini mtoto wa Nkuhungu, hapa hapa mjini, ataishia kuzitazama.

Vipimo ndivyo vinavyosumbua zaidi. Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240. Vitabu vya Uingereza vinataja gramu, na mizani nyumbani haipo. Kitabu kisipoeleza ila nimekipenda, nabandika karatasi ndani ya jalada: kikombe kimoja ni vijiko 16 vya chakula. Muda nao usiuamini sana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 za pwani, kwa hiyo maharage yatachelewa kuiva kuliko ya Tanga. Darasa la sita wakilisikia hilo, maswali hayaishi.

Mapishi ya kwetu utayatafuta sana: ugali wa uwele, mlenda mkavu wa karanga. Sisi tumeweka kaunta buku rafuni, wanafunzi wanaandika walivyoelekezwa nyumbani. Mmoja alileta "magadi kiasi". Nikamrudisha kwa bibi yake akaulize kiasi gani, akaja na jibu: ncha ya kijiko cha chai, ukizidisha mlenda unakuwa mchungu. Vitabu vya dukani havina maelezo kama hayo.

Angalia pia kama kitabu kinasema wazi kazi ipi ni ya mtu mzima: kukaanga, kuepua sufuria ya moto, kukata nyama. Maandishi yawe makubwa, na kurasa ziwe zimeshonwa, maana za gundi huachia mapema. Kivishe jalada la nailoni kabla hakijaazimwa, na kikirudi na doa la mafuta usimtoze mtoto faini.