Mazoezi ya gitaa, lini sasa?

Mdogo wangu, umeuliza muda wa mazoezi unaupata wapi wakati Ijumaa hadi Jumapili uko na bendi, na katikati ya wiki unafundisha. Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar na nina wanafunzi watano. Kwanza, usiku wa shoo usiuhesabu kama mazoezi. Ukumbini vidole vinarudia vinachokijua tu.

Mimi naamka mapema, dakika 40, gitaa bila amplifaya ili wa nyumbani waendelee kulala. Naweka metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, nachukua kipande kimoja cha sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa linachangamka, napiga polepole mpaka kidole cha pete kiache kuchelewa. Kikitulia, napandisha hadi 66, basi. Jumatatu sigusi nyuzi kabisa, ncha za vidole zinakuwa zinawaka moto.

Wanafunzi usiwaache hata bendi ikichanganya, na ada chukua mwanzo wa mwezi. Kuna mwenye ukumbi aliwahi kutulipa soda na nauli. Kodi ya nyumba ya mwezi ule ililipwa na watoto wa kodi tatu za gitaa: C, F na G.