Maswali na Majibu: Sumu ya bunju inafanya nini kwenye neva?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi nauza samaki hapa Sahare, Tanga. Kuna kijana wa jirani alikula ini la bunju aliyenaswa kwenye dema. Haikufika nusu saa akasema midomo inamchonyota, kisha ulimi ukawa mzito, mwishowe miguu ikakataa kusimama. Akawa kama maiti. Lakini alipopona alisimulia karibu kila neno tulilosema kando ya kitanda chake. Naomba unieleze kitaalamu: sumu hii inashika kitu gani mwilini hata mwili uzimike na akili ibaki? Mbona samaki mwenyewe alichemshwa sana? Na lile dafu tulilomnywesha, lilisaidia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nashukuru umeuliza kuhusu utendaji wa sumu yenyewe, kwa sababu anayeuelewa hupata na mbinu ya kumwokoa mgonjwa. Sumu ya bunju inaitwa tetrodotoksini. Haiui neva wala haiichomi. Inaziba milango ya aina moja tu kwenye neva, na ikishaondoka neva hurudia kazi yake kama kawaida. Kwa hiyo mgonjwa akipumuliwa mpaka sumu imtoke, kwa kawaida hupona kabisa.

Tuanze na seli yenyewe. Seli ya neva ina mwili wenye kiini, matawi mafupi yanayopokea habari yaitwayo dendraiti, na mkia mmoja mrefu unaopeleka habari, yaani aksoni. Ile inayokunja kidole chako cha mguu ina mwili wake sehemu ya chini ya ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Aksoni yake inatoka hapo, inapita nyongani, inashuka mpaka kwenye mguu, safari ya karibu mita 1, na unene wake hauzidi mikromita 20, yaani sehemu ya 50 ya milimita. Ubongo una seli za namna hii zipatazo bilioni 86. Kutoka humo na kwenye ugwe hutoka jozi 12 za neva za kichwani na jozi 31 za mgongoni, na kila neva unayoiona kwa macho ni fungu la aksoni nyingi zilizofungwa pamoja.

Habari husafiri ndani ya aksoni kwa umeme, ila umeme huu ni wa chumvi, siyo wa waya. Majimaji yaliyo nje ya seli yana sodiamu nyingi, kiasi cha milimoli 145 kwa lita, na ndani iko kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume chake: ndani karibu 140, nje 4. Kwenye utando wa seli kuna pampu zinazotoa ioni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kila mzunguko, usiku na mchana, na ubongo hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kwa kazi hiyo. Matokeo yake ni kwamba seli iliyotulia ina chaji hasi ndani, kiasi cha milivolti 70 chini ya sifuri.

Seli ikisisimuliwa hadi chaji hiyo ikafika karibu -55, milango ya sodiamu iliyo kwenye utando hufunguka kwa ghafla. Sodiamu huingia kwa kasi, na kwa muda usiofika milisekunde 1 ndani panageuka kuwa chanya, hadi karibu +30. Mara milango hiyo hujifunga, potasiamu hutoka, na hali hurudi ilivyokuwa. Lakini ule mruko wa chaji umeshaamsha milango ya jirani, nayo ya jirani yake, mpaka mwisho wa aksoni. Aksoni nene huwa zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, inayotengenezwa na seli za Schwann. Ala hiyo hukatika kila baada ya milimita 1 hivi kwenye vifundo vya Ranvier, na hapo ndipo milango ya sodiamu ilipojazana. Habari huruka kutoka kifundo hadi kifundo na kufikia mwendo wa mita 120 kwa sekunde. Aksoni nyembamba zisizo na ala, kama zile za maumivu yale ya kuvuma polepole, huenda mita 1 au 2 tu kwa sekunde.

Wewe unayeuza samaki utapenda kujua kwamba mengi ya haya yalijulikana kwa msaada wa ngisi. Ngisi ana aksoni kubwa mno, zinazoweza kufika karibu milimita 1 kwa upana, zinazomwezesha kubana mwili na kuruka nyuma akishtuka. Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walipitisha waya mwembamba ndani ya aksoni hiyo wakapima umeme wake moja kwa moja. Kazi yao waliyoitoa mwaka 1952 ndiyo iliyoeleza habari ya sodiamu na potasiamu, na mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake walitumia aksoni ya kambakochi kuonyesha kwamba tetrodotoksini inazuia sodiamu isiingie, huku potasiamu ikiendelea kupita kama kawaida.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Molekuli ya sumu hii ina kichwa kinachoingia kwenye mdomo wa nje wa mlango wa sodiamu, na mwili unaobaki nje kwa sababu hautoshi kupita, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Seli ni nzima, pampu zinafanya kazi, chaji ipo, ila mruko hautokei. Amri inatoka kwenye ubongo na inaishia njiani. Misuli ya viungo nayo ina milango inayozibwa hivyo hivyo, kwa hiyo pigo ni la pande mbili.

Mchonyoto wa midomo na ulimi huja mwanzo kwa sababu sehemu hizo zina miisho ya neva za hisia iliyosongamana kuliko karibu popote mwilini. Habari zake hupitia neva ya 5 kati ya zile jozi 12. Neva zinapoanza kuvurugika, kabla hazijanyamaza, mtu husikia mchonyoto, kisha ganzi. Baadaye huja vidole, kutapika, maneno kuvutana, kope kulegea, miguu na mikono kukosa nguvu. Mwisho ni pumzi, na hili ndilo linaloua. Kiwambo, ule msuli bapa ulio chini ya mapafu, huamriwa na neva ya freniki inayotoka shingoni kwenye usawa wa neva ya 3, ya 4 na ya 5. Amri za neva hiyo zisipofika, kifua hakivuti hewa, na ubongo uliokuwa mzima unaanza kufa kwa kukosa oksijeni dakika chache baadaye.

Kuhusu akili kubaki: kuta za mishipa ya damu ya ubongo hazipitishi vitu ovyo kama za sehemu nyingine. Seli za kuta hizo zimebanana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipenyi, na tetrodotoksini ni kimojawapo kinachopenya kwa shida sana. Kwa hiyo masikio ya kijana yule yalipokea, ubongo ukaelewa, ila ulimi na kope havikupata amri. Moyo nao unavumilia kuliko misuli mingine kwa kuwa milango yake ya sodiamu ni ya aina isiyoshikwa kirahisi na sumu hii, ingawa presha hushuka na mapigo yanaweza kupungua. Naomba hili lifike kwa kila mtu wa pwani: mgonjwa wa bunju asiyetikisika, hata mboni zake zikiwa zimepanuka na hazijibu mwanga, huenda anasikia. Msimwite marehemu, na msijadili mazishi kichwani kwake. Mwambieni mnachomfanyia.

Kuchemsha hakusaidii kwa sababu sumu hii inastahimili joto la jikoni. Siyo protini ya kuvunjika kwa moto kama zilivyo sumu nyingine. Kukaanga, kubanika, kukausha, kutia chumvi, kugandisha, vyote haviiondoi. Hutengenezwa na bakteria, kisha bunju huikusanya kutoka kwenye vyakula vyake. Yeye mwenyewe haimdhuru kwa sababu milango yake ya sodiamu ina umbo tofauti kidogo. Imejaa zaidi kwenye ini na mayai, na mara nyingi iko pia kwenye utumbo na ngozi. Kiasi chake hubadilika kwa spishi, msimu na mahali, ndiyo maana mtu anaweza kula mara kadhaa akasalimika, kisha siku moja akafa. Inakadiriwa miligramu 1 hadi 2 zinatosha kumuua mtu mzima, nazo hazionekani kwa macho wala hazina ladha ya kukuonya. Hata Japani, ambako wapishi wa samaki huyu husomea na kupewa leseni, ini lake ni marufuku mezani.

Na dafu? Hapana. Wala maziwa, wala mafuta ya nazi. Hakuna kinywaji kinachong'oa sumu kwenye mlango wa sodiamu, na mpaka leo dawa mahususi ya kuipinga haipo. Dafu linaweza hata kuua: koo likishalegea, kinywaji huenda mapafuni. Kwa sababu hiyo hiyo usimtapishe kwa kidole mtu ambaye ulimi umeshakuwa mzito.

Linalofaa ni hili. Mchonyoto wa kwanza, ambao kwa kawaida huja kati ya dakika 10 na 45 baada ya kula, ingawa wakati mwingine huchelewa kwa saa kadhaa, ni ishara ya kuondoka hapo hapo. Msisubiri kuona kama utapungua. Nendeni hospitali yenye mashine ya kupumulia. Kwa mtu wa Sahare ni kuelekea hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, siyo duka la dawa. Pigeni simu mbele wajiandae. Tumieni gari au bajaji: kwenye bodaboda hamwezi kumlaza wala kumpulizia hewa. Akiwa bado anapumua, mlazeni ubavu ili matapishi yatoke nje. Chukueni na wengine wote waliokula chungu kile, hata wasiolalamika, na kipande cha samaki kwenye mfuko.

Tazameni kifua njia nzima. Kikipanda kidogo mno au midomo ikigeuka rangi, mlazeni chali, inueni kidevu kichwa kiende nyuma, banani pua, mpulizie mdomo kwa mdomo. Mtu mzima pumzi 1 kila sekunde 5 hadi 6, mtoto kila sekunde 2 hadi 3, kila pumzi ichukue sekunde 1 na kifua kionekane kikipanda. Kisipopanda, mara nyingi kichwa hakijainuliwa vizuri, rekebisheni kisha mpulize tena. Mkikosa mapigo shingoni, bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, mrudie. Msikate tamaa njiani, watu wapokezane.

Hospitalini mkaa wa dawa hutolewa ikiwa amewahi, kwa kawaida ndani ya saa 1, na njia ya hewa ikiwa salama. Kinachobaki ni mpira kooni, mashine, maji ya mishipani, dawa za kupandisha presha, atropini mapigo yakishuka sana, na dawa ya usingizi kwa sababu mgonjwa anajua yanayomtokea. Macho yasiyopepesa hulainishwa yasikauke. Wengi wanaokufa hufa katika saa 6 za mwanzo. Akifikisha saa 24, matumaini ni makubwa, kwa kuwa sumu hujitoa yenyewe kwenye milango na figo huisafirisha kwenye mkojo.

Msichanganye hali hii na mengine. Jodari au kibua aliyekaa juani huleta wekundu wa uso, kuwashwa, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, lakini hapoozeshi. Kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja. Bunju hushika pande zote mbili sawasawa, na huanzia mdomoni.

Hapo sokoni, bunju akija ndani ya dema pamoja na tasi na changu, atolewe kabla samaki hawajagawanywa, maana akishachunwa na kukatwa vipande si rahisi kumtambua. Matumbo na ini vifukiwe, visiachwe ufukweni. Paka na mbwa wakivila hufa, na watoto huokota.