Seluloidi haichomwi kwa sindano ya moto

SWALI: Nimerithi kitana na kisanduku cha pini, vyote vya plastiki ya zamani yenye rangi ya pembe ya ndovu na mistari myembamba. Kisanduku kimeanza kutoa majimaji, na bawaba yake ya shaba imeota ukijani. Nimevifunga pamoja ndani ya mfuko wa nailoni visizidi kuharibika. Muuzaji mmoja ananiambia ni Bakelite, na nikitaka uhakika nikichome kwa sindano ya moto. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo sindano iache kabisa. Kisanduku chako kimeshajieleza chenyewe. Bakelite ya kufinyangwa, ile ya Leo Baekeland iliyotokana na fenoli na fomaldehaidi mwaka 1907, huchanganywa na unga wa mbao na karibu yote ni nyeusi au hudhurungi. Haina mistari ya kuigiza pembe. Ulichonacho ni seluloidi, tena inayooza: oksidi za nitrojeni zinazotoka ndani yake zikikutana na unyevu hugeuka asidi ya nitriki, na asidi hiyo ndiyo inayoila bawaba.

Kila nikikaa na wakusanyaji, sindano hii haikosi kutajwa, na kila mara nakereka upya. Seluloidi ni nitrati ya selulosi iliyolainishwa kwa kafuri, kama ilivyo katika hataza ya ndugu Hyatt wa Marekani ya mwaka 1870. Nitrati hiyo ni ndugu wa baruti ya pamba. Filamu za sinema za mwanzo zilikuwa za jamii hiyohiyo, na zikishika moto huendelea kuwaka hata chini ya maji, maana oksijeni zinabeba zenyewe. Sasa mtu anachukua kitu cha namna hiyo, ambacho uozo umeshakidhoofisha, anakigusa kwa chuma chekundu akiwa amekikaribisha puani ili anuse! Hicho si kipimo.

Hata moto usipotokea, hasara inabaki. Nimewahi kushika kioo cha mkononi chenye vitundu saba mgongoni, bila shaka kila mmiliki alitoboa chake, na kila kitundu kilizungukwa na duara la kahawia lenye nyufa nyembamba kama nywele. Kilichotafutwa kingepatikana kwa kidole gumba. Sugua sehemu isiyo na majimaji mpaka ipate joto, kisha nusa: seluloidi hutoa harufu ya kafuri, Bakelite hunuka kama dawa ya kuulia vijidudu. Basi.

Mfuko nao ufungue leo. Umeizuia asidi isitoke, na ikibaki humo huharakisha uozo uleule ulioizaa. Kitana, ambacho huenda bado ni kizima, kinavuta hewa hiyohiyo. Vaa glavu, kitenganishe kitana na kisanduku, kila kimoja ukifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi. Viweke mahali pa baridi, pakavu, pa giza, hewa ikipita, mbali na vitu vya chuma na vitambaa. Hivyo utaupunguza kasi uozo wa kisanduku. Kuurudisha nyuma haiwezekani.

Na wauzaji wa aina ya huyo wako wapo tele. Wanapaka mafuta au vanishi juu ya seluloidi inayotoa jasho ili ing'ae siku ya kuuza, na chochote cha zamani wanakiita Bakelite kwa sababu jina hilo lina bei. Wengine wanashauri kulowesha kwenye maji ya moto. Plastiki ya kaseini, ile ya maziwa iliyouzwa kwa jina la Galalith, hunyonya maji na kupinda. Wengine wanapiga msasa, ilhali Bakelite fulani za kustahimili joto zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni. Ukiambiwa uchome, uloweshe au upige msasa kabla ya kununua, usinunue kwa huyo.

Kisanduku kikianza kumong'onyoka, usikitupe kwenye takataka zinazochomwa. Waulize zimamoto wa kwenu namna ya kukiondoa.