Aliyepanga zamu yuko wapi?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wenu: "Mhudumu wa wateja aliyechoka avumilie au aache kazi?" Swali limenichoma, kwa sababu limemtaja mhudumu na mteja tu. Aliyepanga zamu hayumo.

Nimepokea simu za wateja miaka sita. Mteja anayefoka hachoshi kama watu wanavyodhani; akisikilizwa hupoa. Kinachomaliza mtu ni kuwa na jibu na kukatazwa kulisema.

Jumatatu moja mfumo uligoma tangu asubuhi. Zamu ilitaka watu kumi na wanne, tulikuwa tisa. Msimamizi akapita nyuma ya viti vyetu akisisitiza: msiseme mfumo umegoma, semeni ombi linashughulikiwa. Mzee mmoja akatupigia kwa simu ya jirani yake. Laini yake ilikuwa imefungwa kimakosa, mkewe amelazwa, na daktari alikuwa na namba hiyo moja tu. Hakufoka. Aliniuliza taratibu: "Mwanangu, niambie kweli tu. Nisubiri hapa nyumbani ifunguliwe, au nianze safari ya hospitali?" Nilijua mfumo haurudi kabla ya jioni. Nikavuta pumzi. Msimamizi alikuwa amesimama begani kwangu, dakika nne tulizopewa kwa kila simu zimeshapita. Nikasema, "Ombi lako linashughulikiwa, mzee." Akanishukuru! Akasema, basi nasubiri. Sijui alisubiri mpaka saa ngapi.

Kesho yake kikaoni jina langu lilisomwa mbele ya wenzangu: nimezidisha muda. Mzee hakutajwa.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya, linaueleza uchovu wa namna hii kuwa hali itokanayo na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa vyema. Halikuuweka kwenye magonjwa. Kati ya dalili zake tatu, kuishiwa nguvu na kupungua kwa ufanisi nilivistahimili. Ile ya kuichukia kazi yenyewe ndiyo iliyonitisha: nilianza kumchukia mteja kabla hajasema haloo.

Na upungufu wa watu usiitwe bahati mbaya. Mwaka 1917, mwanahisabati Agner Krarup Erlang wa Denmark alichapisha fomula za foleni za simu, na vituo vya simu bado vinazitumia kukadiria idadi ya wahudumu. Watu wakipungua kidogo wakati kituo kimeelemewa, foleni hurefuka kupita kiasi. Anayepanga tisa badala ya kumi na wanne amechagua.

Nilianza barua hii nikimlaumu msimamizi wetu. Sasa namkumbuka ameshika karatasi ya maagizo kutoka juu, mkono unamtetemeka. Alipandishwa cheo kwa sababu alimaliza simu haraka kutuzidi. Kuongoza watu hakufundishwa na yeyote. Simsamehei kwa lile la mzee, ila lawama yote si yake.

Mimi niliacha, na usingizi ukarudi. Hata hivyo, mhudumu akiniuliza leo nitamwambia asiache kwanza. Aandike kila anachoagizwa kuficha, atafute wenzake hata watatu, waende pamoja kwa aliye juu ya msimamizi. Kama mwili umeshakataa, au ana mahali pengine pa kupata riziki, aondoke tu, sitamlaumu. Sisi tisa hatukuwahi kwenda pamoja. Ndani ya mwaka mmoja watano tulishaondoka, kila mtu na barua yake.