Re: Matokeo yanatosha au nipitie gemu?
Ndugu, umeuliza kama injini yako mpya ya chesi (programu inayocheza chesi) kuifunga ya zamani 11 kwa 9 inatosha au upitie na gemu moja moja. Pitia kaka, tena sana. Gemu 20 ni chache mno, kesho ukirudia unaweza kukuta kibao kimegeuka, labda uzicheze mamia na kila ufunguzi (hatua za kwanza za gemu) injini zibadilishane nyeupe na nyeusi, hapo namba zitaanza kusema kitu. Ila hata hizo hazikwambii KWA NINI. Ona Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi, na Deep Blue, kompyuta ya IBM, New York 1997, gemu ya pili imeandikwa kompyuta imeshinda basi, lakini watu walipokaa kuichambua wakasema Kasparov alisalimu amri wakati droo ilikuwepo, malkia wake angempiga mfalme wa Deep Blue cheki mfululizo bila kikomo. Kwenye matokeo huioni kabisa hiyo! Mi ningeanza na zile 9 ilizofungwa, tafuta pale injini inajiona iko vizuri huku wewe unaona mfalme kaachwa wazi, iandike kwa maneno yako, alafu ndo uguse programu.