Mimba ya miezi sita, sina pa kulala, na naambiwa nisaini

SWALI: Mama, habari za kazi. Nina miaka 19, niko Busia ya Uganda, mimba imefika miezi sita. Aliyenipa mimba amekana, na baba amenifukuza nyumbani. Kuna mwanamke wa Kampala ameahidi kunilipia chumba na gharama zote za kujifungua, mradi nisaini sasa hivi kwamba mtoto atakuwa wake. Nimewaza kweli kumtoa mtoto aasiliwe na familia nyingine, lakini naogopa. Nikalale wapi?

JIBU: Binti yangu, usisaini. Hata kama umeshaamua kumtoa mtoto, usisaini karatasi hiyo.

Nimeshika karatasi za namna hiyo mkononi. Ukurasa umechanwa kwenye daftari la shule, umeandikwa kwa biki, chini kuna dole gumba la mama na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1). Mama anaamini amefungwa. Hajafungwa. Mtoto huasiliwa kwa amri ya mahakama tu, na chini ya Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, wanaomtaka hukaa naye kwanza si chini ya miezi 12, afisa wa probesheni na ustawi wa jamii akiwafuatilia. Ridhaa yako inatakiwa, na unaweza kuiondoa wakati wowote kabla amri haijatamkwa. Ikishatamkwa, haki zako za mzazi zimekwisha. Ndiyo maana uamuzi huo haufanywi na mtu anayetafuta pa kulala usiku wa leo.

Kodi ya chumba kwa kubadilishana na mtoto ni kununua mtoto, hata anayelipa akiwa na sura ya huruma. Tuliona udanganyifu ulivyofika mbali: Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda pamoja na wakili, kwa mpango ambao wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma, kumbe wanatafutiwa wazazi Marekani.

Sasa malazi. Nenda kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, makao makuu ya wilaya. Humlipi kitu. Mimi nikipata kesi kama yako huanza na jamaa: ssenga (shangazi), jaja (bibi au babu), dada aliyeolewa mji mwingine. Baba aliyefukuza mara nyingi hulainika akiitwa ofisini na mtu asiye wa ukoo, na asipolainika, ssenga hupatikana. Ndugu wakishindikana, kuna nyumba za hifadhi. Kampala wapo Wakisa Ministries, wanaopokea wasichana wenye mimba wasio na pa kwenda. Mwombe afisa awapigie kwanza kuuliza nafasi, usipande taksi kwa kubahatisha. Usichanganye na Sanyu Babies' Home, iliyopo tangu 1929: kule hupokea watoto, si mama zao. Na popote utakapopokelewa, uliza mlangoni: nikiamua kubaki na mwanangu, mtanifukuza? Wakisitasita, ondoka.

Huyo kijana aliyekana naye asikutishe. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa mahakama ya familia na watoto hata mimba ikiwa bado tumboni.

Gharama za kujifungua zisikupeleke sokoni. Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Najua utaambiwa ulete glavu, pamba, wembe na karatasi ya nailoni ya kutandika. Muulize mkunga mapema kama kituo kina Mama Kit, vyote humo vimo.

Ukishajifungua, mnyonyeshe, upone, ndipo tuzungumze. Mtoto anaweza kukaa kwa jaja bila wewe kukoma kuwa mama yake. Anaweza kwenda kwa walezi wa muda wakati unajipanga. Na ukiona bado kuasiliwa ndiko kunakomfaa, hilo si dhambi wala ukatili, nitasimama nawe mahakamani. Jambo moja tu usilifanye hata ukizidiwa: kumwacha mtoto mahali na kuondoka. Hiyo ni jinai.

Leo piga 116, simu ya msaada iitwayo Sauti, haitozwi. Kesho asubuhi nenda wilayani na kadi ya kliniki, na kitambulisho kama unacho. Ile karatasi ya mwanamke wa Kampala ibebe pia, bila saini, umwonyeshe afisa.