Jibu: Hela uliyohamisha kwenda Roth inajazwa wapi

Dada, umeuliza zile dola 10,000 ulizotoa IRA ya kawaida (akaunti ya akiba ya uzeeni ya Marekani, kodi unalipa ukitoa) ukaingiza Roth (IRA ya hela iliyokwisha katwa kodi) mwaka jana unazijaza wapi kwenye fomu za kodi maana hukushika hata senti. Lazima uzitaje. Subiri fomu 1099-R (inayoonyesha hela iliyotoka kwenye akaunti) kutoka kwa wanaokutunzia akaunti, alafu jaza fomu 8606 (ya kuhesabu sehemu ya IRA inayotozwa kodi) sehemu ya pili, ndo unapeleka kwenye 1040, fomu kuu ya kodi ya mapato, jumla mstari wa 4a na inayotozwa kodi 4b. Usishtuke 1099-R ikionyesha yote inatozwa, wao hawajui historia yako.

Wengi wanaumia hapa: kama uliwahi kuchangia hela iliyokwisha katwa kodi, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) hawaruhusu useme nimehamisha hiyo tu, wanajumlisha IRA zako zote za kawaida, SEP na SIMPLE (IRA za kupitia kazini au biashara yako) zimo, salio la Desemba 31 pamoja na ulichohamisha, ndo wanapiga asilimia. Mfano mchango wa hivyo ni 6,000 na jumla ni 60,000, basi kwenye hizo 10,000 ni 1,000 tu haitozwi. Na tafadhali 8606 za miaka ya nyuma zitunze sana, bila hizo unaweza kulipa kodi mara mbili kwa hela ileile.